Wa Pili ni wa Nani?

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza leo saa nane, na kama kawaida hakuna mtu alikuwa tayari, ni kama hatujawahi kuiona. Hapa Dagoretti Corner kando ya Ngong Road tuko mafundi karibu arobaini, makochi iko nje toka asubuhi, na tone la kwanza likianguka watu wanakimbia ni kama askari wa kanjo wamekuja. Turubali! Shika huko! Wacha mbao, shika kitambaa! Mimi na tumbo yangu ya miezi saba nikabeba sponji kwa kichwa. Musili, mwenye anapaka vanishi, akaniambia, "Becky weka hiyo chini, tumbo yako imeshinda kochi." Nikamwambia kichwa yake pia imeshinda kochi, na haina sponji ndani.

Hii kitabu ni ya vipimo. Nashonanga kava za makochi. Hakuna mtu alinifundisha, nilikuwa nafungua kochi mzee nyuzi moja moja naangalia ndani iko aje, alafu narudisha. Mbele naandika inchi. Huku nyuma nimeamua kuandika maisha. Hakuna mtu atasoma nyuma, hata mbele wanasoma kwa shida.

24 kwa 22, sita, rangi ya maziwa. Mtu ako na watoto wanne ananunua kochi rangi ya maziwa! Mungu amwangalie.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Wahu, mtoto wangu, amekula chaki ya baba yake ya kupima mbao.

Jumapili, 16 Machi

Shosho wa Kinoo alikuja, nyanya ya Wahu, mama ya Thuo bwana yangu. Wacha nieleze vizuri, ndio nikizeeka nikisoma nijue niliteseka aje. Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza anapewa jina ya mama ya bwana. Hakuna kuulizana. Msichana wangu ni Wahu juu shosho ni Wahu, na si jina tu, ni shosho mwenyewe amezaliwa tena kwa nyumba yangu na sasa ako miaka nne na anakula chaki. Mwanamke anaweza kuishi na mama mkwe mmoja. Mimi niko na wawili.

Leo tuko kwa chai, nikaona mkono ya mtoto imeingia kwa kopo.

"Wahu! Toa mkono kwa sukari!"

Shosho, mwenye alikuwa ameshika kijiko, akaiweka chini polepole.

"Si wewe, Mum."

"Si mimi? Hebu zunguka Kinoo yote uulize Wahu ni nani."

"Ni mtoto naambia."

"Aa, mtoto. Na mtoto ni nani?"

Thuo alikuwa nyuma ya gazeti ya juzi, gazeti inatetemeka. Hiyo ndio msaada yake. Shosho akafunga kitambaa yake akasema kwa sauti ya kuonewa, "Mami, basi nitakunywa hivi hivi." Ananiitanga mami juu mimi ndio mama ya Wahu. Miaka hamsini na tisa na ananiita mami! Nikamwekea sukari vijiko tatu. Akasema ni nyingi.

Alhamisi, 20 Machi

MSICHANA. Daktari wa picha alionyesha kitu kama maharagwe akasema ni msichana, na mimi nikaruka kwa kitanda mpaka akaniambia nitulie nitavunja mashine.

Wa pili ni wa upande wa mke. Sheria ni hiyo. Wa kwanza alienda Kinoo, wa pili ni wangu, anaitwa jina ya mama yangu. Na mama yangu ni Philister.

Philister si Mkikuyu, ni Mluo wa Yala. Amefanya kazi ya nyumba hapo Jamhuri tangu kabla nizaliwe, kwa tajiri mmoja, na chumba yake iko nyuma, karibu na tangi. Hapo ndio nililelewa. Mwenye alinizaa anaitwa Waithera, alikuwa mfanyikazi kwa nyumba ya pili. Akaniacha kwa Philister nikiwa miaka nne, akaenda, hakurudi. Sina picha yake. Mistari mitatu inamtosha.

Nikamwambia Thuo.

"Philister si jina ya Kikuyu," akasema.

"Hata Becky si ya Kikuyu na ulinioa."

"Lakini Wahu atasema aje?"

"Wahu gani?"

"Ile kubwa."

"Ile kubwa imeshapewa yake."

Akaendelea kupiga randa. Lakini mimi sijali, nimefurahi hadi nimeshona kava moja ndani nje. Hii ni mara ya kwanza niko na upande. Nimewahi kuwa wa mtu, sijawahi kuwa na upande.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Kitambaa haikauki. Thuo hakauki. Nimechoka na harufu ya mbao na mwanaume.

Jumapili, 30 Machi

Nitaandika tu.

Shosho alikuja baada ya kanisa na mwanamke mwembamba, sweta ya samawati, viatu vimefutwa matope na karatasi pale mlangoni. Niliona hiyo karatasi. Amekunja ameweka kwa mfuko asichafue.

"Mami, nimekuletea mgeni," shosho akasema. "Keti kwanza."

"Nimekaa, Mum."

"Keti tena." Akavuta hewa. "Huyu tunaimba na yeye kwaya moja. Nilikuwa nasema vile mke wa Thuo ni mtoto wa Jamhuri, aliachwa akiwa mdogo, na sasa anangoja msichana. Huyu akakaa chini katikati ya wimbo. Anaitwa Waithera."

Nikasema, "Waithera gani?"

Yule mwanamke akasema, "Wako."

Sikulia. Nilikuwa nafikiria mambo ya ujinga, kwamba sina maziwa ya chai, kwamba ako na kidole gumba kama yangu, ile imepinda nje. Nikauliza anaishi wapi. Nilikuwa tayari kwa kila kitu. Saudia, Mombasa, jela. Akasema, "Loresho. Napika kwa watu. Huu ni mwaka wa saba."

Loresho! Kutoka hapa ni mwendo wa kuvuka Waiyaki Way tu. Nimepeleka makochi Loresho mara tatu! Nimesimama kwa mageti yao nikaomba maji ya kunywa! Miaka saba huyu mtu anakaanga mayai ya watu na mimi niko hapa chini nashona!

Akaangalia tumbo. "Nimesikia ni wa pili."

"Wa pili ako na mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe ndio huyu," shosho akaingilia, vile anaingilianga.

Nyumba ni chumba moja, hakuna mahali ya kutokea ila nje. Nikatoka nikasimama kwa kamba ya nguo, mvua inanipiga, mpaka nikaona wameenda. Wahu mdogo akakuja kwa mlango akaniuliza, "Mami, ule shosho mpya ameibiwa nini?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Alikuwa analia."

Sijamsamehe shosho. Nimemwandikia hapa: Wahu mkubwa, hukuulizwa.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Musili alisema turubali imepasuka nikadhani ni mchezo ya siku ya wajinga. Ilikuwa imepasuka. Kochi rangi ya maziwa sasa ni rangi ya chai.

Jumamosi, 5 Aprili

Waithera alikuja peke yake, huku kazini, na nduma zimechemshwa kwa kopo. Akasimama kando ya cherehani. Sikuinua kichwa. Nikashona mstari mzima, nikageuza, nikashona mwingine juu ya ule ule.

"Unashona vizuri," akasema.

"Nilijifunza mwenyewe. Hakukuwa na mtu."

Akameza hiyo. Nikaona haondoki nikamuuliza tu, mbele ya watu wote, Musili na brashi yake juu. Kwa nini?

"Mabosi wangu walikuwa wanahamia Mombasa. Walisema watanibeba lakini mtoto hapana."

"Na ulimwambia Mama unarudi lini?"

"Nikijipanga."

"Na ulijipanga?"

Akafikiria. "Mpaka leo."

Nilitaka kucheka, aki ya Mungu. Nikamuuliza basi miaka saba ya Loresho, hata mguu hauna? Akasema alifika Jamhuri mara moja, akasimama kwa geti, akaniona natoka na sare ya shule nikimwita Philister mama, nikimwambia anipatie kitambaa ya kichwa. Akarudi. Sare gani? Niliacha shule Fomu Tatu. Nimehesabu, haiwezekani ni hiyo miaka. Ama aliona mtoto wa mtu mwingine akalia bure, ama anadanganya. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Basi hata kama si wewe, nililia."

Alafu akasema kile alikujia. Kwamba hana mtoto mwingine. Kwamba mtu kama hajaitwa kwa mjukuu anakwisha kabisa, ni kama hakuwahi kuja duniani. "Ni wewe tu nilizaa, Becky. Ukininyima hii, nimekwisha."

"Uliniacha, na sasa unataka nikuzae?"

"Ndio," akasema.

Hivyo tu. Hakufunika na maneno. Sijui kama ni kukosa aibu ama ni nguvu.

Nduma nilikataa. Musili alizikula zote akasema zilikuwa tamu, msaliti.

Jumatano, 9 Aprili

Shule imefungwa. Wahu ako hapa kazini siku nzima, amepigilia misumari kumi na moja kwa kiti cha mteja. Amesema alikuwa anaifanya iwe na macho.

Jumapili, 13 Aprili

Waithera alituma salamu na shosho. Nikamwambia shosho asinibebee salamu, mimi si posta. Akasema, "Sawa, mami," na akakaa mpaka jioni akikunja nguo zangu vibaya.

Ijumaa, 18 Aprili

Wikendi ya Pasaka. Jumapili naenda kwa Mama kumwambia jina. Nimefikiria atalia. Nimebeba leso.

Jumapili, 20 Aprili

Leso nilitumia mimi.

Nilifika Jamhuri saa nane, kulikuwa na jua kidogo baada ya wiki mbili. Mama alikuwa anakaanga omena kwa jiko la makaa nje ya chumba yake. Matajiri walikuwa wamesafiri. Akanitengenezea mahali kwa kitanda, akaweka mto nyuma ya mgongo, akanishika miguu akasema imevimba, nakula chumvi nyingi. Vile amekuwa siku zote. Nikasema siwezi kungoja.

"Mama, huyu mtoto ataitwa Philister."

Akageuza omena. "Philister gani?"

"Wewe!"

Akaangalia huku na huku. "Kwani nimekufa?"

Nilidhani ni mzaha. Haikuwa. Akaniambia kwao, kwa nyumba ya baba yake, jina ya mtu inapewa mtoto mwenye jina akishakufa. Anakuja kwa ndoto, anasimama kwa mlango, anaitisha. "Mimi nimesimama kwa ndoto yako, Becky? Nimekuitisha kitu?"

"Hapana, Mama, kwetu ni ya watu wazima! Wenye wako hai! Shosho wa Kinoo ako hai hadi inaniuma kichwa."

Hapo akacheka, na mimi nikacheka, nikaona imeisha. Kumbe ndio ilikuwa inaanza.

"Ni heshima," nikasema. "Wa pili anaitwa mama ya mke. Kwetu ndio hivyo."

"Na mama yako ni Waithera."

Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema Waithera alikuja hapa wiki iliyopita, walikunywa chai. Walikunywa chai! Kwa hivyo vikombe!

"Na ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mtoto wake ako sawa." Akatoa sufuria kwa moto. "Nyathina, mtoto wangu, mimi nilikushikia tu."

Nilikushikia. Unajua hiyo neno? Ni ya kiondo. Ni ya foleni, nishikie laini nakuja. Ni ya kitu iko na mwenyewe. Miaka ishirini na tano nimeita huyu mwanamke Mama na yeye alikuwa amesimama kwa laini ya mtu.

Nikasema vitu mbaya. Nikasema basi angenipeleka kwa polisi kama kiondo imepotea. Hakukasirika. Akafunika omena, akakaa chini kwa kiti kidogo, akaanza kuongea na makaa, si na mimi.

"Joash ako na msichana. Wa miaka miwili. Niliskia kwa watu wa nyumbani."

Joash ni kijana yake. Namjua kwa picha ile iko kwa ukuta, amesimama kando ya ng'ombe, hacheki. Alilelewa Yala na nyanya yake. Sasa ni mjenzi huko Kisumu. Hapigangi simu.

"Mwaka ule mwenye nyumba aliniambia, Philister, chumba ni ndogo lakini leta mtoto wako, mmoja. Nikatuma nauli, mama yangu amlete Joash na basi. Nikanunua sweta. Wiki hiyo hiyo mamako akasimama hapo kwa mlango na wewe kwa mkono, akasema nishikie huyu mpaka nijipange. Asubuhi mwenye nyumba akakukuta hapa. Akasema, ah, ndio huyu mtoto. Nikasema ndio."

"Ungesema hapana."

"Alafu nikupeleke wapi?"

Hapo ndio nikatoa leso.

"Na Joash?"

"Nilimwambia mama yangu amshikie kidogo."

Sweta ya kwanza nakumbuka hapo Jamhuri ilikuwa ya kijana, kahawia, na lori mbele. Nilidhani ni mtumba. Niliivaa hadi lori ikatoka.

Sasa ndio akaniangalia. "Mtoto ya Joash wamemuita jina ya marehemu mama ya mke wake. Ni sawa. Lakini akisikia kuna Philister Dagoretti Corner, kwa Wakikuyu, atajua ni kweli vile amekuwa akisema. Kwamba mimi nilikuwa mama, lakini si yake."

"Kwani kwangu hukuwa?"

Akainuka akasema nguo zake zitanyeshewa. Akatoka akatoa nguo kwa kamba moja moja, akikunja. Hakukuwa kumenyesha bado.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Nimemchapa Wahu juu ya uji na haikuwa juu ya uji.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Nilitaka Mama akuwe malaika na Waithera akuwe shetani, kazi iishe. Sasa nakaa kwa cherehani nafikiria kuna mwanaume mzima Kisumu anajenga nyumba za watu na mimi ndio nilikalia mahali yake. Sikujua. Nilikuwa miaka nne. Lakini nilikula hiyo omena yote.

Jumamosi, 3 Mei

Maji iliingia kwa nyumba saa nne asubuhi, mpaka hapa kwa kifundo. Thuo alikuwa ameenda kuleta mbao. Nikapandisha Wahu juu ya meza, nikapandisha cherehani, nikashindwa kujipandisha. Nikalia kama mjinga, nimesimama kwa maji na ndoo.

Nani akakuja? Shosho wa Kinoo, na gambuti za shamba, na suruali ya marehemu bwana yake ndani ya sketi. "Mami, toka hapo." Akachota maji masaa mawili. Akanikatalia hata ufagio. Alafu akaketi juu ya ndoo imegeuzwa, amelowa, tukakula mkate kavu.

Nikamwambia ya Jamhuri. Sijui mbona yeye. Labda juu alikuwa na hiyo suruali.

Akavua gambuti moja akamwaga maji yenye ilikuwa ndani. Alafu:

"Nilimleta Waithera bila kukuuliza. Hiyo ni makosa yangu."

"Ndio, Mum."

"Usikubali haraka hivyo." Akamega mkate. "Lakini nikuambie. Mimi mama yangu alizaa kumi na mmoja. Hakuna siku alinifunga viatu, kwanza viatu hazikuwa. Hakuna siku aliniuliza nimekula nini. Sasa nakuja hapa nakuona unapiga magoti kwa hii matope unafunga Wahu viatu, unamwambia, Wahu, mguu wa kulia. Naenda nyumbani nikiwa nimeshiba."

"Kwani ndio maana unakujanga kila Jumapili?"

"Kwani ulidhani ni chai yako? Chai yako ni maji."

Miaka nne nimekuwa nikidhani anakuja kunikagua.

Nikamwongezea mkate. Alafu nikamuuliza kama mtoto akipewa jina ya mtu anabeba pia tabia. Anaweza kuacha watu?

"Mimi nilikuwa na tabia ya kula chaki?" akauliza. Alafu akaangalia Wahu pale juu ya meza. "Udongo ndio. Nikiwa na mimba ya Thuo."

Jumatano, 7 Mei

Mvua ya mawe. Thuo amemaliza kitanda ya mtoto. Mguu moja ni fupi. Fundi!

Alhamisi, 15 Mei

Wodi. Mtoto ako hapa kwa mkono, analala mdomo wazi kama baba yake. Nimeshonwa. Fundi wangu hakuwa na haraka, nimeuliza akasema ni mishono saba. Nikamuuliza kama amefunga uzi mwisho.

Jana sista alikuja na fomu ya mtoto. Jina?

Nimefikiria mwezi mzima, na pale kalamu ikangoja tu. Sikuandika juu nimesamehe. Mtu asiseme hivyo kanisani. Mama alikataa yake, na mtoto hawezi kukaa bila jina, na ile nyingine ndio ilikuwa imebaki. Nikamwambia sista: Waithera. Akauliza naandikaje, na h au bila h. Na h.

Leo saa saba Waithera mkubwa alifika, sweta ile ile ya samawati, flaski ya uji. Wamama wawili tunashiriki nao kitanda wakasonga. Alisimama mbali na mimi, akauliza kwa sauti ndogo:

"Nimezaliwa?"

"Umezaliwa."

Akapiga nduru tatu za furaha, zile Wakikuyu wanapiga msichana akizaliwa, hadi mwisho wa wodi. Sista akatokea mbio. "Wewe mama! Hapa si harusi!" Waithera akasema pole, pole sana, na akapiga magoti kando ya kitanda akaweka uso kwa shuka, mabega yanaruka. Nikamwangalia kichwa. Ako na mvi nyingi katikati. Mkono yangu ilitaka kwenda hapo, nikaiweka kwa mtoto.

Jumapili, 18 Mei

Tuko nyumbani. Mama alikuja kutoka Jamhuri. Sikumwita, na tangu Pasaka hatukuwa tumeongea. Alibisha hodi kwa nyumba yangu kama mgeni.

Akanawa mikono, akamchukua mtoto, akamfungua shuka, akahesabu vidole. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati hadi tunaongea kwa kupayuka.

"Alizaliwa na hii mvua?"

"Hii hii."

"Ah! Akoth!" Uso wake ukafunguka. "Akoth, umekuja na maji yako!"

Nikauliza hiyo ni nini. Akaniambia kwao kuna jina ya mtu amekufa, lakini kuna pia ile mtoto anakuja nayo mwenyewe. Mvua inanyesha, Akoth. Jua kali, Achieng'. Usiku, Atieno. Hiyo haiitishwi na mtu na hainyang'anyi mtu. "Hata Joash hawezi kuuliza. Ni mvua."

Akamwita hivyo mchana mzima. Akoth hivi, Akoth vile. Nilifurahi, aki nilifurahi, na katikati ya hiyo furaha kitu ikanichoma.

"Mama, na mimi? Mbona hukunipatia moja?"

"Wewe?" Akasimama na mtoto kwa bega. "Wewe ulikuja na meno yote, ukitembea. Sikujua ulizaliwa saa gani. Hakuna mtu aliniambia kama kulikuwa na jua ama mvua." Akampigapiga mtoto mgongo. "Hiyo uliza mwenyewe, mwenye alikuzaa."

Jumatano, 21 Mei

Nimeuliza mwenyewe.

Waithera alikuja na nduma tena, na leo nimekula. Nikangoja aweke kikombe chini. Nikamuuliza pole pole, bila ubaya, nilikuwa hata nimevuta kiti karibu. Siku yangu ilikuwa aje? Ilikuwa asubuhi? Jioni? Kulikuwa kunanyesha?

Alifikiria sana. Niliona anatafuta kweli, macho imeenda juu kwa mabati, midomo inasonga.

"Becky," akasema. "Sikumbuki."

Hata mvua?

"Nilikuwa miaka kumi na saba. Nilikuwa naogopa tu. Nakumbuka kuogopa." Alafu akaongeza, kunisaidia, "Labda ilikuwa jua."

Labda.

Nimemsindikiza hadi kwa lami. Nikamwambia aende salama. Nimerudi nimekaa na hii kitabu kwa goti, na mtoto kwa goti ile ingine, na nataka kuandika kitu moja kabla niinuke kuchemsha maji.

Waithera. Akoth. Wewe mdogo. Siku utauliza, ni hii:

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tatu Mei, saa tisa kasoro dakika kumi, mchana. Ilikuwa inanyesha tangu asubuhi na ulipotoka ilizidi, hadi sista akafunga dirisha na kiwiko. Stima ilipotea mara mbili, ya pili kichwa yako ikiwa nje, na wakakushika na mwanga wa simu. Sista aliitwa Nzula, alikuwa anatafuna tangawizi. Ulilia kabla miguu itoke. Ulikuwa kilo tatu na gramu mia moja. Ulikuwa na nywele, na alama nyekundu kwa kope la kushoto, na kidole gumba imepinda nje. Shosho yako Wahu alikuwa kwa geti akipigana na askari, anasema yeye ni mtoto wangu wa kwanza na lazima aingie. Baba yako alitumwa beseni akaleta ndoo. Nilisema maneno mbaya sana kwa Kikuyu, na tatu kwa Kiluo.

Niliogopa pia. Lakini niliangalia.